Makaratasi kabla ya ukumbi: kuandaa nyaraka za ndoa Tanzania Bara

Katika vikao vya kamati ya harusi ambavyo nimewahi kuvitumikia kama katibu, bajeti huanza na ukumbi, ikashuka kwenye chakula, vinywaji, mapambo, mpiga picha, matarumbeta na keki, na sijawahi kuona mstari uliotengewa cheti cha kuzaliwa cha bwana harusi. Kila mmoja huamini kwamba makaratasi yapo kabatini na kwamba siku ikifika yatatolewa. Siku hufika, yakatolewa, na hapo ndipo hugundulika kwamba bibi harusi ana majina matatu katika nyaraka tatu, au kwamba ndoa ya kwanza ya bwana harusi, ambayo ukoo mzima unajua ilikwisha zamani, haijawahi kuvunjwa na mahakama yoyote, au kwamba notisi ya siku 21 ilipaswa kutolewa wiki mbili zilizopita na kadi za mwaliko zimekwisha kusambazwa.

Mwongozo huu ni kwa wachumba wanaotarajia kufunga ndoa Tanzania Bara, iwe kanisani, msikitini, bomani au kimila. Ndoa zote hizo zinatawaliwa na sheria moja, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni Sura ya 29 ya sheria za nchi. Zanzibar ina sheria na utaratibu wake, kwa hiyo anayefunga ndoa Unguja au Pemba asiufuate mwongozo huu kama ulivyo. Ushauri wangu wa kwanza ni kuhesabu miezi mitatu kurudi nyuma kutoka siku ya harusi, wala si wiki tatu. Siku 21 za notisi ndizo zinazotajwa na kila mtu, lakini katika safari nzima hizo ndizo fupi. Kinachokula muda ni kuzifanya nyaraka za watu wawili ziseme neno moja.

Anzeni na majina

Chagueni jioni moja, mkae wawili, na kila mmoja alete alichonacho: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au namba yake, pasipoti kama ipo, vyeti vya shule, na kwa Mkristo, cheti cha ubatizo. Chukueni karatasi moja mwandike majina ya kila hati herufi kwa herufi kama yalivyochapwa, kisha tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, na majina ya wazazi. Msisome kwa haraka, maana jicho lililozoea jina lake husoma kile linachokijua na si kile kilichoandikwa.

Nilipomsaidia mdogo wangu wa kike kujiandaa, cheti chake cha kuzaliwa kilisema Mwanahamisi, cheti cha kidato cha nne kikasema Mwanahamis, na kitambulisho kikasema Mwanaamisi, huku jina la babu likiwa limekaa mahali pa jina la baba. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi na nyaraka hizo miaka kadhaa, akafungulia akaunti ya benki na kusajilia laini ya simu, bila mtu yeyote kumuuliza. Ofisi ya kwanza aliyopeleka makaratasi yake kwa ajili ya ndoa ilimrudisha siku hiyo hiyo, na kwa haki kabisa, ingawa karani aliyemrudisha hakumweleza aanzie wapi, akabaki anazunguka. Ilituchukua wiki saba kumaliza jambo lililotokana na herufi mbili na jina moja lililokosewa nafasi.

Mahali pa kuanzia ni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hati nyingine zote hutakiwa kukifuata. Kama cheti kiko sahihi na kosa liko kwenye kitambulisho cha Taifa, peleka cheti hicho ofisi ya NIDA ya wilaya yako uombe marekebisho. Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, marekebisho huombwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako kazi ya usajili wa vizazi, vifo na ndoa hufanyika kwa ngazi ya wilaya. Tofauti ikiwa ni ndogo na iko kwenye hati ambayo haibadilishiki kirahisi, kama cheti cha shule, wakili au kamishna wa viapo anaweza kukuandalia hati ya kiapo inayotamka kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Na kama uliacha jina lako la zamani kwa hiari, kwa mfano ulibadili dini, basi kiapo hakitoshi. Unahitaji hati rasmi ya kubadili jina, iliyosajiliwa.

Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba hati ya kiapo husahihisha kosa. Haisahihishi chochote, inaeleza tu. Mtu mwenye viapo vitatu vya majina bado ana majina matatu, na atakuwa anabeba viapo hivyo mpaka siku ya kudai pensheni. Pale ambapo hati yenyewe inaweza kurekebishwa, irekebishwe.

Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa, na wapo wengi, hasa waliozaliwa vijijini, asikate tamaa, lakini asisubiri. Kizazi hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, na kinachoandikishwa baada ya miaka 10 huhitaji idhini ya Msajili Mkuu, ndiyo maana maombi ya mtu mzima huchukua muda mrefu kuliko ya mtoto mchanga. Maombi yanaweza kuanzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa RITA au katika ofisi ya wilaya, na yatahitaji ushahidi wa mahali na tarehe ya kuzaliwa: tangazo la kizazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi. Kadiri ushahidi unavyokuwa wa zamani ndivyo unavyoaminika zaidi. Kadi ya kliniki iliyochanika pembeni na kuingia madoa ya mafuta ya taa ina uzito kuliko barua iliyoandikwa wiki iliyopita. Nje ya ofisi hizo hutakosa kishoka atakayekuambia kwamba cheti kinaweza kupatikana kesho. Kinapatikana kweli, ila RITA huhakiki vyeti kwa namba za kumbukumbu, na namba isiyokuwa katika daftari hujulikana mapema.

Je, wote wawili mko huru kuoana?

Hili ni swali la sheria, na majibu yake yote yatatakiwa kuandikwa katika notisi, kwa hiyo ni vyema yajibiwe kwanza nyumbani.

Kuhusu umri, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikaruhusu msichana aliye chini ya miaka 18 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, na hilo lionekane kwenye cheti cha kuzaliwa, wala si kwa maneno ya wazee.

Kuhusu udugu, sheria inakataza ndoa kati ya ndugu wa damu wa karibu, na pia kati ya mtu na mzazi au mtoto wa aliyekuwa mwenzi wake, na hata kati ya mtu na mtoto aliyemwasili. Kanisa, msikiti na mila za makabila zina makatazo yake ya ziada. Hayo mtaulizwa huko huko.

Jambo linaloharibu harusi nyingi ni ndoa iliyotangulia. Mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga ndoa nyingine wakati ya kwanza ingali hai, na mwanamke aliyeolewa hawezi kuolewa na mwingine kwa namna yoyote ile. Ndoa haivunjiki kwa kutengana miaka kumi, wala kwa kurudisha mahari, wala kwa barua ya wazee wa pande mbili. Huvunjwa na mahakama, na mahakama yenye uwezo huo inaweza kuwa ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, baada ya mgogoro kupitia kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja. Kwa Waislamu, talaka iliyotamkwa au kuandikwa nyumbani ina nafasi yake, lakini Sheria ya Ndoa inataka suala hilo lifikishwe mahakamani, na mahakama, ikiridhika kwamba baraza lilishindwa kusuluhisha na kwamba kitendo cha kuvunja ndoa kwa taratibu za Kiislamu kimefanyika, ndiyo itoe amri ya talaka. Kwa Mkatoliki hali ni kinyume chake: anaweza kuwa na amri ya talaka ya mahakama na bado paroko akamwambia kwamba kwa Kanisa yeye ni mume wa mtu, kwa sababu ubatilisho wa ndoa kanisani ni shauri jingine katika baraza jingine, na kila upande unataka karatasi yake.

Kwa hiyo aliyeachika atafute nakala ya amri ya talaka iliyogongwa muhuri wa mahakama. Kama ilipotea, iombwe upya katika masjala ya mahakama iliyoitoa, na ombi hilo hupata majibu upesi zaidi ukiwa na namba ya shauri. Mjane wa kiume au wa kike aandae cheti cha kifo cha mwenziwe kilichotolewa na RITA; kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Mjane aliyekuwa ameolewa Kiislamu atasubiri eda yake iishe, na hili Sheria ya Ndoa yenyewe inalitambua.

Wapo pia walioishi pamoja bila kufunga ndoa yoyote. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mke na mume, huchukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mchumba wako akiwa na historia ya namna hiyo na mtu mwingine, zungumzeni mapema, kwa sababu mtu huyo ndiye mwenye sababu ya kusimama siku ya pingamizi.

Ndoa ya namna gani

Ningependa kila mchumba akae na swali hili kwa saa nzima, kwa kuwa wengi hulijibu kwa nusu dakika, wakiwa wamesimama mbele ya karani. Sheria ya Tanzania Bara inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi, na ndoa nyingine yoyote, ikiwemo ya kanisani na ya bomani, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Bomani, basi, mlango wa kuthibitisha vinginevyo uko wazi: wachumba hutamka wenyewe katika makaratasi ni ipi wanayoitaka.

Nimeona fomu ambayo bwana harusi aliijaza yote peke yake, kwa nia njema ya kuokoa muda, na bibi harusi akapewa kalamu atie saini chini. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi ndipo shangazi yake, aliyekuwa amevaa miwani, akauliza neno lililotiwa alama katika kisanduku cha tatu lina maana gani. Harusi ilifungwa siku hiyo hiyo, lakini kwa fomu mpya. Someni fomu wote wawili, kila mmoja kwa macho yake, na kama kuna neno msilolielewa, karani ana wajibu wa kulieleza.

Aina ya ndoa inaweza kubadilishwa baadaye kwa tamko la pamoja, la maandishi, mbele ya jaji, hakimu mkazi au hakimu wa wilaya. Haibadilishwi na mume peke yake, na ndoa iliyofungwa kanisani haibadilishwi maadamu wanandoa wote wawili wangali Wakristo. Kuuliza kabla ni rahisi kuliko kubadilisha baada.

Notisi ya siku 21

Kifungu cha 18 kinawataka wachumba watoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla ya siku wanayotaka kufunga ndoa. Kwa ndoa ya bomani taarifa hupelekwa kwa msajili wa wilaya, na kwa ndoa ya kidini hupewa kiongozi wa dini aliyeidhinishwa kufungisha ndoa, ambaye kwa shughuli hiyo anafanya kazi ya serikali. Ndani yake huandikwa majina yenu, umri na mahali mnapoishi. Majina ya wazazi wenu na makazi yao. Tamko kwamba hamna udugu unaozuia ndoa. Hali ya ndoa ya kila mmoja, yaani kama hajawahi kuoa au kuolewa, ni mjane, au ameachika. Na kama mume mtarajiwa ana mke au wake, majina yao. Kusema uongo katika notisi hii ni kosa la jinai, na simaanishi jambo la kutishia watoto.

Pamoja na fomu, ofisi nyingi zitataka vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha za pasipoti, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakoishi. Barua hiyo huonekana ndogo, lakini inachelewesha watu kwa sababu Mtendaji hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua. Mpangaji aliyehamia miezi miwili iliyopita aanze kwa mjumbe wake, ajulikane, ndipo apande ofisini. Picha zipigwe nyingi kuliko mnazodhani mnahitaji. Ada iulizwe dirishani na kulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi itunzwe katika bahasha moja na nyaraka nyingine.

Notisi ikipokelewa hutangazwa. Bomani hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kwa Wakatoliki na madhehebu mengine mengi majina husomwa ibadani Jumapili tatu mfululizo, jambo ambalo lilikuwa desturi ya kanisa muda mrefu kabla ya sheria hii kutungwa. Lengo ni moja, anayejua kizuizi akiseme. Mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi kwa kueleza jambo linalozuia ndoa kisheria, na pale ambapo mume anataka kuongeza mke, mke aliyepo ana haki ya kupinga kwa sababu nyingine za ziada: kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watataabika, kwamba mke mtarajiwa ana tabia mbaya inayojulikana au ugonjwa wa kuambukiza, au kwamba ujio wake utaleta mfarakano mkubwa nyumbani. Pingamizi likishawekwa, ndoa husimama mpaka lisikilizwe na kuamuliwa. Mpenzi wa zamani mwenye kinyongo, au mjomba aliyekosa sehemu yake ya mahari, hana pingamizi la kisheria kwa hilo peke yake, ingawa anaweza kuwapotezea siku kadhaa.

Ikiwa kuna sababu ya msingi ya kutosubiri siku 21, kwa mfano mmoja wenu anasafiri kikazi na tarehe haibadiliki, Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni maalumu ya kuondoa sharti la notisi. Leseni hiyo huombwa kwa maandishi, ikiambatana na uthibitisho wa sababu iliyotajwa. Ukumbi kuwa umelipiwa si sababu ninayoweza kumshauri mtu aiandike.

Kanisani, msikitini, bomani, kimila

Kwa Mkatoliki, parokia itataka cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita, hata kama kile cha utotoni kipo, kwa sababu daftari la ubatizo huandikwa pia ndoa za mtu, na nakala mpya ndiyo inayoonyesha kwamba hajafunga nyingine. Aliyebatizwa Songea na anafunga ndoa Mwanza afikirie muda wa barua kwenda na kurudi. Yatakuwepo mafundisho ya ndoa, na kama mmoja si Mkatoliki, kibali cha askofu. Madhehebu mengine yana taratibu zinazofanana na hizo, na baadhi huomba vipimo vya afya; vipimo si miongoni mwa taarifa zinazotakiwa katika notisi ya Sheria ya Ndoa, lakini sioni ubaya wa wachumba kupima kwa hiari yao.

Kwa wanaofunga katika huduma changa, zile zinazoabudu kwenye ukumbi wa kukodi au turubai, lipo swali moja la lazima: je, mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa iliyotolewa na Msajili Mkuu? Kuwa na kanisa lililosajiliwa ni jambo moja, na kuwa na leseni ya ndoa ni jambo jingine. Ombeni kuiona. Mtumishi aliyenayo hataona haya kuionyesha, na asiyekuwa nayo anaweza kubariki, kisha ndoa ikafungwa na mwenye mamlaka.

Kwa Waislamu, mambo yanayotangulia akdi ni walii (yaani anayemwozesha bibi harusi), mashahidi wawili na mahari, na kwa upande wa makaratasi, kuhakikisha kwamba shehe atakayefungisha ana idhini na kitabu cha vyeti. Jina la walii liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na kama baba amefariki na walii ni kaka au ami, hilo lijulikane kabla, si wakati shehe amekwisha kukaa mkekani.

Bomani ndiko kimbilio la wachumba wa dini mbili tofauti ambao hakuna anayetaka kuiacha yake, na pia la wasiotaka mambo mengi. Ndoa hiyo ina nguvu sawasawa na nyingine yoyote. Kama mnataka msajili awafuate bustanini au ufukweni badala ya ninyi kwenda ofisini, ulizeni siku ile ile mnapopeleka notisi, kwa sababu mahali pasipo pa kawaida panahitaji ruhusa yake.

Ndoa ya kimila ndiyo inayosahauliwa kusajiliwa kuliko zote. Mahari imetolewa, wazee wamekaa, ng'ombe wamekwenda, mke amehama, na kila mtu anaona kazi imekwisha. Sheria inawataka wanandoa, kama msajili hakuwepo, waombe usajili ndani ya siku 30 baada ya ndoa. Kutosajili hakuifanyi ndoa kuwa batili, lakini mjane wa ndoa ya kimila asiyekuwa na cheti atalazimika kuthibitisha ndoa yake kwa mashahidi, wakati ambao shemeji zake wameshika hati ya nyumba.

Mwenzi akiwa raia wa nchi nyingine

Mgeni atatakiwa kuwa na pasipoti hai, kibali halali cha kuwepo nchini, cheti cha kuzaliwa, na hati kutoka mamlaka ya nchi yake au ubalozi wake inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Hati hiyo ndiyo iombwe kwanza, kwa sababu baadhi ya nchi nazo zina siku zao za kutangaza kabla ya kuitoa. Nyaraka zisizo za Kiswahili wala Kiingereza zitafsiriwe na mfasiri anayekubalika, na tafsiri iambatane na hati ya asili. Mtanzania anayekwenda kufunga ndoa nje ya nchi naye ataulizwa hati kama hiyo, na kwetu huombwa RITA.

Posa, mahari na mali

Hapa nitakuwa mfupi, ingawa vikao vya familia huwa virefu. Mahari si sharti la uhalali wa ndoa kwa sheria ya nchi. Ndoa haiwi batili kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Hata hivyo, kinachotolewa kiandikwe: tarehe, kiasi, aliyetoa, aliyepokea, na mashahidi wa pande zote, mshenga akiwemo. Sheria inaruhusu anayetoa zawadi kwa matarajio ya ndoa kuidai mahakamani kama ndoa haikufungwa na kama ilieleweka kwamba zawadi ilitolewa kwa sharti hilo, na shauri la namna hiyo huishia haraka au huburuzwa kutegemea kama kuna karatasi.

Mali aliyokuwa nayo mtu kabla ya ndoa haihami kwa sababu ya ndoa, ila nyumba mtakayoishi kama ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kama mnajenga pamoja kabla ya harusi, kama vijana wengi wanavyofanya siku hizi, majina yote mawili yaingie kwenye mkataba wa kiwanja sasa hivi. Mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka mwingine athibitishe mchango wake.

Kuhusu jina la bibi harusi, hakuna sheria inayomlazimisha kuchukua la mume. Akitaka, sawa, lakini akumbuke kwamba kila hati aliyoisahihisha kwa jasho katika ile miezi mitatu ataanza kuibadilisha upya.

Siku yenyewe

Chagueni mashahidi wawili waliotimiza miaka 18 na wanaofika kwa wakati, waje na vitambulisho. Msimamizi wa harusi anaweza kuwa shahidi, lakini si lazima, na rafiki mwenye utani mwingi si lazima awe mwenye kalamu nzuri.

Kabla hamjatia saini, kiombeni cheti mkisome: majina yote, tarehe ya ndoa, mahali, aina ya ndoa, majina ya wazazi. Hata kama kwaya inaimba na mpiga picha anawahimiza mwinue kalamu, someni. Kosa lililoonekana kabla ya saini hutatuliwa kwa fomu nyingine iliyomo kitabuni. Likionekana baada ya wiki tatu, huombewa marekebisho kwa barua. Kisha muulizeni aliyefungisha, kwa adabu lakini waziwazi, atapeleka lini taarifa ya ndoa yenu kwa Msajili, na mwandike namba ya cheti kwenye simu. Baada ya miezi michache, mmoja wenu apite ofisi ya wilaya au RITA kuuliza kama namba hiyo imeingia katika daftari. Kwa mdogo wangu ilikuwa haijaingia. Kitabu cha kiongozi aliyefungisha kilikuwa bado kwenye droo ya meza yake, na kilipelekwa siku tatu baada ya sisi kuuliza.